Kifungo, Taji na Utepe: Namna ya Kutambua Mapambo ya Zamani ya Sare za Wanamaji na Kujua ni ya Miaka Gani

Kofia ya kwanza ya afisa wa majini niliyoinunua ilikuja na hadithi tamu. Niliambiwa kwamba mwenyewe aliivaa kwenye misafara ya Atlantiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Beji ya mbele ilikuwa na taji la mfalme, kama inavyotakiwa, nami nikaiweka kabatini mwaka mzima nikiamini. Siku niliyokunja ngozi ya ndani na kuimulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, uzi ulioshonea beji ukawaka buluu kama taa. Uzi wa namna ile haukuwapo miaka ya vita. Beji ilikuwa ya kweli na kofia ilikuwa ya kweli, lakini vilikutanishwa baadaye sana.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Kila alama iliyo kwenye kitu inakuwekea mpaka: ama "si kabla ya mwaka huu" au "si baada ya mwaka huu". Kazi yako ni kuikusanya mipaka hiyo mmoja mmoja mpaka ibaki nafasi nyembamba katikati. Mpaka wa "si kabla" ndio wenye nguvu zaidi. Vitu vya zamani huendelea kuvaliwa miaka mingi baada ya amri mpya kutoka, ila hakuna fundi aliyeweza kuchonga taji ambalo lilikuwa bado halijaamriwa.

Hatua ya 1: Andaa meza, na usisafishe chochote

Unahitaji kioo cha kukuzia (mara kumi kinatosha), rula yenye milimita, sumaku ndogo, tochi ya kawaida, tochi ya urujuanimno, glavu za pamba na daftari. Tandika kitambaa cheupe mezani ili uone nyuzi na vumbi vinavyodondoka, maana hata hivyo ni ushahidi.

Dawa ya kung'arishia shaba iache mbali kabisa. Rangi ya kahawia iliyotulia kwenye mashimo ya nakshi huchukua miongo kujijenga, na ndiyo inayokuonyesha kama kifungo kimezeeka chenyewe au kimezeeshwa. Ukikisugua unaondoa pia mchovyo wa dhahabu, ambao kwenye kifungo cha zamani ni mwembamba sana. Nimeona vifungo vya karne ya 19 vilivyosuguliwa mpaka nanga imebaki kivuli tu, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Piga picha mbele, nyuma na ubavuni kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Hakikisha ni cha jeshi la majini kweli

Nanga peke yake haithibitishi kitu. Kampuni za meli za abiria, meli za mizigo, vilabu vya mashua, vyuo vya mabaharia na hata washonaji wa nguo za kiraia wote wametumia nanga. Vilabu vya mashua vya Uingereza vilivyopewa hadhi ya kifalme vina nanga na taji pamoja, na hapo ndipo wengi huteleza. Tafuta herufi za mwanzo za jina la klabu au kampuni, bendera ndogo, au nyota isiyokuwa na kazi. Ukiona herufi M na N pamoja kwenye alama ya Uingereza, hapo ni mabaharia wa meli za biashara.

Baada ya hapo tafuta nchi. Uingereza ina nanga iliyozongwa na kamba, na taji juu yake. Marekani ina tai aliyesimama juu ya nanga. Japani ya kifalme ina nanga na ua la mcheri. Urusi ya kifalme ina tai mwenye vichwa viwili, na Urusi ya Kisovieti ina nyota na nanga. Ujerumani ya Kaiser ina taji la kifalme juu ya nanga, na kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa kimetengenezwa kwa ajili ya wanamaji baada ya 1918. Jina Kriegsmarine, la wanamaji wa Ujerumani ya Hitler, lilitumika kuanzia 1935 hadi 1945 tu. Tai wake wa kwenye sare ni wa rangi ya dhahabu au manjano, wakati jeshi la nchi kavu lilivaa wa rangi ya fedha au mweupe. Vitu vya kipindi hicho ndivyo vinavyoigwa kuliko vyote duniani, kwa hiyo mgeni wa kazi hii namshauri aanzie kwingine.

Mabadiliko ya dola ni zawadi kwa mtafuta tarehe. Wanamaji wa India waliitwa Royal Indian Marine hadi 1934, wakawa Royal Indian Navy, kisha India ilipokuwa jamhuri tarehe 26 Januari 1950 taji likaondoka na simba wa Ashoka wakachukua nafasi yake. Alama ya India yenye taji, basi, ina dari ya 1950, yaani si baada ya mwaka huo. Canada iliunganisha majeshi yake yote kuwa moja mwaka 1968, na ule mviringo mdogo wa lasi (utepe wa nyuzi za dhahabu) juu ya mistari ya cheo ya maafisa wake ukatoweka hadi uliporudishwa mwaka 2010. Vifupisho vya meli za Australia, H.M.A.S., haviwezi kuwa kabla ya 1911.

Hatua ya 3: Soma taji

Kwa vitu vya Uingereza na nchi zilizofuata desturi yake, hapa ndipo unapopata tarehe haraka kuliko popote. Taji liliongezwa juu ya nanga kwenye vifungo vya maafisa mwaka 1812. Kifungo cha afisa chenye nanga bila taji kinaweza kuwa cha kabla ya hapo, kama ujenzi wake unakubali (tutafika huko).

Kisha angalia matao ya taji, yale mapande yanayopanda kutoka kwenye duara la chini na kukutana juu chini ya msalaba. Usiangalie vito wala msalaba. Angalia matao tu.

Taji la enzi ya Malkia Victoria lilichorwa kwa namna kadhaa, lakini kwa kawaida matao yake yametanuka na kubonyea katikati. Kuanzia 1901, Edward VII alipotawala, lilikuja taji la Tudor, ambalo wakusanyaji huliita taji la mfalme: matao yanapanda moja kwa moja na kufanya kuba la mviringo, bila kubonyea. Hilo lilidumu kwa wafalme wote hadi George VI alipofariki mwaka 1952. Elizabeth II alichagua taji la Mtakatifu Edward, na kuanzia 1953 hivi matao yanabonyea tena katikati, kama mabega mawili yenye bonde kati yake.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, taji la Victoria na la Elizabeth II yote mawili hubonyea, na mtu mwenye haraka hukosea kwa miaka sitini. Hapo ujenzi wa kifungo na mhuri wa nyuma ndivyo vitakavyokuamulia. La pili ni jipya: Charles III, aliyerithi kiti cha enzi mama yake alipofariki mwaka 2022, amerudisha taji la Tudor. Beji mpya kabisa inaweza leo kuwa na kuba lile lile la 1940. Sentensi ya zamani kwamba taji la mfalme maana yake ni kabla ya 1953 haitoshi tena.

Usisahau pia kwamba baharia hakutupa vifungo vyake siku mfalme alipokufa. Akiba ya zamani iliendelea kutumika. Koti la 1954 lenye vifungo vya mfalme si la ajabu, ila koti la 1944 lenye vifungo asilia vya malkia haliwezekani.

Hatua ya 4: Kwa Marekani, tazama tai anaangalia wapi

Hadi 1941, tai wa kwenye beji ya kofia ya afisa na vifungo vya wanamaji wa Marekani aligeuza kichwa kuelekea kushoto kwake mwenyewe, yaani kulia kwako unayemtazama. Mwaka huo akageuzwa aangalie kulia kwake, ambako ni kushoto kwako, kwa sababu katika elimu ya nembo upande wa kulia ndio upande wa heshima. Andika jambo hili kwenye daftari kwa mchoro, siyo kwa maneno ya "kushoto" na "kulia", maana utachanganyikiwa. Na ukiwa unatazama picha iliyotumwa, hakikisha haijageuzwa kama kwenye kioo: soma herufi yoyote iliyomo kwanza.

Muundo wa jumla wa kifungo cha Marekani, yaani tai juu ya nanga iliyolala, nyota kumi na tatu na ukingo wa kamba, umekaa tangu 1852. Kwa hiyo muundo pekee hauwezi kukwambia kama ni cha 1865 au cha 1935. Mhuri wa nyuma ndio utakaokwambia.

Alama nyingine za Marekani zina mipaka yake iliyo wazi. Cheo cha chief petty officer (cheo cha juu cha baharia asiye afisa) kilianzishwa 1893, na beji yake ni nanga yenye herufi USN. Vyeo viwili vya juu yake vilikuja 1958, hivyo nanga ile ikiwa na nyota juu yake haiwezi kuwa ya Vita Kuu ya Pili, hata muuzaji akuapie. Mabawa ya marubani wa majini yalianza 1917. Pomboo wa mabaharia wa nyambizi waliidhinishwa 1924. Nanga iliyokaa juu ya rafadha ni ya WAVES, wanawake walioanza kuingizwa Julai 1942.

Hatua ya 5: Geuza kifungo

Nikipewa dakika moja tu na kifungo, sekunde hamsini nitazitumia upande wa nyuma.

Anza na ujenzi. Vifungo vya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 mara nyingi ni kipande kimoja bapa, na kitanzi cha waya kimechomelewa nyuma. Mwaka 1813 huko Birmingham, Sanders alipata hataza ya kifungo cha vipande viwili, bamba la mbele lenye nakshi likiwa limekunjwa juu ya bamba la nyuma. Aina hiyo ni nyepesi, ina tumbo, na ndani yake kuna uwazi. Ndiyo iliyotawala karne nzima iliyofuata, na bado inatengenezwa.

Kisha soma maneno. Maneno ya kusifu ubora kama "Treble Gilt", "Best Quality" au "Standard Colour" yasiyo na jina la mtu yeyote yalipendwa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Enzi hizo dhahabu ilipakwa kwa zebaki na moto, kazi iliyowaua mafundi polepole kwa mvuke wake. Mwaka 1840 Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kuchovya kwa umeme, na mchovyo ukawa wa kulingana zaidi na mwembamba zaidi. Dhahabu ya zebaki ina joto fulani la rangi na hukaa nene kwenye mabonde ya nakshi. Ukishaona viwili vitatu vya hakika, jicho lako litaijua.

Majina ya watengenezaji ndiyo saa yako. Firmin wa London na J.R. Gaunt wa Birmingham utakutana nao kila mara upande wa Uingereza. Usiridhike na jina. Soma namna lilivyoandikwa. Kampuni ileile ilibadilisha jina kwa kuongeza "& Son", kisha "& Sons", kisha "Ltd", na kila badiliko ni mpaka. Neno "Limited" lenyewe ni ishara: sheria ya dhima ya ukomo ilipitishwa Uingereza mwaka 1855, hivyo halipo kabla ya hapo. Upande wa Marekani, nyuma ya vifungo vingi kuna jina la mji wa Waterbury, Connecticut. Scovill waliandika J.M.L. & W.H. Scovill kuanzia 1827 hadi 1850, na kuanzia 1850 wakaandika Scovill Mfg. Co. Hapo umeshagawa karne katika sehemu mbili bila kitabu chochote.

Pima kipenyo. Washonaji huhesabu vifungo kwa laini, na laini 40 ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Ukubwa hautoi mwaka, lakini unakwambia kama kifungo ni cha koti, cha mkono wa koti au cha kofia. Seti yenye ukubwa usiolingana imekusanywa kutoka sehemu mbalimbali.

Mwisho kipime mkononi. Kifungo chepesi kama ganda, chenye dhahabu kali isiyofifia hata ukingoni, ni alumini iliyotiwa rangi kwa umeme. Vya aina hiyo vilienea katika majeshi ya Uingereza kuanzia miaka ya 1950.

Hatua ya 6: Utepe wa kofia ya baharia

Huu ndio utepe mweusi wenye maandishi unaozunguka kofia ya baharia wa kawaida. Watu wanaupenda kwa sababu una jina la meli, na kwa sababu hiyohiyo wanadanganywa nao.

Anza na jambo moja la msingi: mabaharia wa kawaida wa Uingereza hawakuwa na sare rasmi hadi 1857. Mtu akikuletea utepe wa kofia kutoka vita vya Trafalgar vya 1805, mshukuru na umrudishie. Ukiona jina H.M.S. VICTORY (H.M.S. maana yake ni meli ya mfalme au malkia), usidhani ni staha aliyokufia amirali Nelson kwenye vita hivyo. Kambi ya wanamaji ya Portsmouth iliitwa HMS Victory mpaka ilipobadilishwa jina kuwa HMS Nelson mwaka 1974, na maelfu ya watu walivaa utepe huo bila kulala usiku hata mmoja ndani ya ile meli ya mbao. Kambi nyingi za nchi kavu zina majina ya meli namna hii.

Jina moja linaweza kubebwa na meli kadhaa. Chukua Vanguard. Kulikuwa na manowari kubwa ya jina hilo iliyolipuka Scapa Flow Julai 1917. Kulikuwa na nyingine iliyoanza kazi 1946 na kupelekwa kuvunjwa mwaka 1960. Kuna nyambizi iliyoanza kazi 1993. Utepe mmoja, vizazi vitatu. Kitakachovitenganisha ni nyuzi, ufumaji na umbo la herufi, siyo jina.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliondoa majina ya meli kwa ajili ya usiri, na mabaharia wakavaa utepe wenye H.M.S. tu. Kwa hiyo utepe wa H.M.S. pekee ndio wa vita hasa, ingawa ni wa bei ndogo na wengi huupuuza. Binafsi nauthamini kuliko ule wenye jina. Chukua mfano wa Hood, iliyozama Mei 1941: wafanyakazi wake wa safari ya mwisho walivaa H.M.S. tupu. Utepe wenye jina HOOD, kama ni wa kweli, ni wa kati ya 1920, meli ilipoanza kazi, na 1939. Anayeuuza akisema uliokotwa kutoka safari ile ya mwisho, hadithi yake inapingana na amri ya jeshi lenyewe.

Marekani walifanya vivyo hivyo mwezi Januari 1941: majina ya meli yakatoka, yakaja maneno U.S. NAVY. Kofia yenyewe bapa ya buluu ilifutwa mwaka 1963. Ujerumani nako, utepe unaoanza na S.M.S. ni wa enzi ya Kaiser, na unaosomeka Kriegsmarine ndio uliochukua nafasi ya majina ya meli.

Ukiuchunguza utepe, uweke chini ya kioo cha kukuzia. Katika utepe mzuri wa zamani herufi zimefumwa kwa waya mwembamba wa dhahabu pamoja na hariri, na nyuma utaona nyuzi zikivuka kutoka herufi moja hadi nyingine. Tafuta pia mikunjo: utepe uliovaliwa una alama ya fundo la kando ambayo haitoki. Herufi zilizochapwa juu ya kitambaa, bila kitu nyuma, ziulize maswali mengi.

Hatua ya 7: Lasi, epaleti na nyuzi za dhahabu

Mistari ya cheo mkononi mwa afisa wa Uingereza ilipata ule mviringo wa juu mwaka 1856. Kuanzia 1863 maafisa wasio wa sitaha waliwekewa kitambaa cha rangi katikati ya mistari: zambarau kwa wahandisi, nyekundu kwa matabibu, nyeupe kwa walipaji mishahara. Rangi hizo ziliondolewa katikati ya miaka ya 1950, isipokuwa kwa tiba na matawi machache. Mistari ya zambarau, kwa hiyo, inakuwekea sakafu na dari kwa mpigo mmoja.

Mistari ya mawimbi ni ya RNVR, raia waliojitolea, na ilivaliwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mistari iliyosukwa kama ukili ni ya RNR, mabaharia wa meli za biashara waliokuwa akiba. Lasi ya buluu mpauko badala ya dhahabu ni ya wanawake wa WRNS, waliokuwapo 1917 hadi 1919, wakarudi 1939, wakaunganishwa na jeshi kuu mwaka 1993.

Upande wa Marekani, beji za cheo za mabaharia zilivaliwa mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na kazi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 zilipohamishiwa zote kushoto. Tazama tai wa beji ameelekea wapi kabla ya kutaja mwaka.

Epaleti, yale mapambo ya mabegani yenye vishada vizito vya dhahabu, ziliingia rasmi kwa maafisa wa Uingereza mwaka 1795, na sare kamili ya sherehe iliyozibeba ikawekwa kando vita vilipoanza 1939. Jozi yenye taji la Tudor inakaa kati ya 1901 na 1939 bila taabu. Angalia kama ni jozi kweli: taji na nanga zielekee kama pande mbili za mwili mmoja, na rangi ya dhahabu ichakae sawasawa.

Waya wa zamani ni fedha iliyochovywa dhahabu, kwa hiyo huzeeka kwa kuwa mweusi kwanza kwenye mikunjo. Nyuzi za plastiki zenye mng'ao wa metali, za baada ya vita, hazifanyi weusi huo. Hubaki zinameta au hupauka tu. Nailoni ilitangazwa 1938, na poliesta ilienea miaka ya 1950. Uzi wa asili uliokatika unaonekana na manyoya kwenye ncha. Wa viwandani una ncha laini. Hapo ndipo tochi ya urujuanimno inapofaa, maana viang'arishi vya kemikali vilienea kwenye vitambaa na sabuni baada ya vita. Tahadhari: nguo ya 1930 iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo huwaka. Kwa hiyo mulika sehemu ambazo maji hayakufika, na linganisha uzi na kitambaa chake. Vikiwaka vyote kwa kiasi kimoja, huenda ni sabuni. Ukiwaka uzi peke yake, mtu alishona upya.

Hatua ya 8: Vitu vya fedha

Filimbi ya serahangi, ile yenye mrija uliopinda na kitufe cha duara, ndicho kitu kitamu kuliko vyote kwa kutafuta tarehe, kwa sababu filimbi ya fedha ya Uingereza ina mwaka wake umegongwa mwilini. Tafuta simba anayetembea, ambaye ni fedha halisi. Alama ya mji. Herufi ya mwaka. Na herufi za mtengenezaji. Herufi ya mwaka hubadilika umbo na ngao kila mzunguko, kwa hiyo linganisha vyote viwili kwenye jedwali la mji husika. Kichwa cha mtawala kikiwepo pia, hiyo ni alama ya ushuru, iliyotumika 1784 hadi 1890.

Na hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wengi waangalifu: alama ya mji wa Birmingham ni nanga, tangu 1773. Bizimu, kijiko au pini yenye nanga ndogo iliyogongwa nyuma haikuwa ya wanamaji kwa sababu hiyo. Ilipimwa Birmingham, basi, mji usio na bahari.

Kwa beji za Marekani, neno "Sterling" au maelezo ya kiasi cha dhahabu kama "1/20 10K" ni ya kawaida miaka ya vita. Angalia na kifungio: pini ndefu yenye ndoano ni desturi ya zamani zaidi, na vile vibano viwili vya kipepeo vilienea wakati wa vita na kuendelea. Vitu vyote viwili viliishi pamoja kwa muda, kwa hiyo usivitegemee peke yake.

Hatua ya 9: Lebo, sanduku na jina la mwenyewe

Fungua mfuko wa ndani, kunja ngozi ya kofia, inua kifuniko cha sanduku la bati. Washonaji wa maafisa mara nyingi waliandika jina la mteja na tarehe kwa wino kwenye lebo. Hata bila tarehe, anwani inasema. Namba baada ya herufi za wilaya za posta za London, kama W.1, zilianza 1917. Namba za kanda za posta mijini Marekani zilianza 1943, na msimbo wa tarakimu tano ukaja 1963. Lebo ya Gieves yenye jina la Hawkes pembeni yake si ya kabla ya 1974, mwaka kampuni hizo mbili zilipoungana.

Ukipata jina la afisa wa Uingereza, mtafute kwenye Navy List (orodha rasmi ya maafisa) ya miaka unayoishuku, kisha kwenye daftari za utumishi zilizoko hifadhi ya taifa ya Kew, kundi la ADM 196. Kwa Marekani, majalada yako National Personnel Records Center, St. Louis. Moto wa 1973 uliteketeza ya jeshi la nchi kavu na la anga, lakini ya wanamaji yalisalimika. Cheo kilicho kwenye lasi kikikubaliana na cheo alichokuwa nacho mtu huyo mwaka fulani, unaweza kukifunga kitu ndani ya miaka miwili au mitatu.

Jina pia ni hatari. Kibandiko cha shaba chenye jina maarufu ni rahisi kukitengeneza kuliko epaleti. Angalia skrubu zake: je, zimezeeka pamoja na sanduku?

Hatua ya 10: Tafuta dalili za kuigwa, kisha andika

Kitu kilichonakiliwa kwa kumiminwa hupoteza makali. Manyoya ya tai yanakuwa kama matope, kamba ya nanga haina msuko, na chini ya kioo utaona vishimo vidogo vya hewa na mstari wa kalibu ubavuni. Kipenyo nacho hupungua kidogo, kwa sababu metali husinyaa ikipoa. Kifungo kilichogongwa kwa muhuri wa chuma kina mistari mikali na uwanda laini. Uzee wa kupaka huketi juu ya sehemu zilizoinuka na mabondeni kwa usawa, wakati uzee wa kweli huacha sehemu za juu zikiwa zimeng'azwa na vidole na nguo.

Hadithi nazo zikague kama metali. Utaambiwa mistari mitatu myeupe kwenye kola ya baharia wa Uingereza ni ushindi mitatu wa Nelson, na kitambaa cheusi cha shingoni ni maombolezo yake. Si kweli. Kitambaa cheusi kilivaliwa kabla hajafa, na mistari ilikuja miaka mingi baadaye. Anayeanza kukueleza kitu kwa hadithi hizo huenda hajakigeuza nyuma.

Daftarini usiandike "1940" tu. Andika sakafu, dari na sababu. Kwa mfano: "Kifungo cha koti, Uingereza, milimita 23, vipande viwili, taji la Tudor, mhuri wa nyuma wa Gaunt wenye neno Ltd, uchafu wa asili mabondeni. Si kabla ya 1901 kwa sababu ya taji; yaelekea si baada ya 1953; kitanzi asilia." Kipande kilichobadilishwa kiandikie mstari wake peke yake. Ile kofia yangu sasa ina kadi tatu: moja ya kofia, moja ya beji, na ya tatu fupi kwa ajili ya uzi.

Vihifadhi kwenye karatasi isiyo na asidi, mbali na mwanga wa jua, kila lasi ikiwa imelala bapa bila kukunjwa, na kadi yake chini yake.